Mafuta ya Lori Moja

Lori lilipita Rangwe likashusha mafuta ya kupikia kwenye maduka matatu yaliyopakana, mitungi ya njano isiyotofautiana hata kifuniko. Kabla ya chakula cha mchana kila duka lilikuwa na bei yake. Siku hizi ndivyo tunavyoishi: kitu kimoja, bei tatu, na uongo wa aina tatu wa kuzieleza.

Mwenye duka la pembeni ndiye aliyenichefua zaidi. Alikuwa na mtungi wa zamani ulioshika vumbi kwenye rafu. Alipoona wenzake wamepandisha, aliupangusa kwa shati na kumwambia mama yangu, "Mama, hii ni stoki mpya. Dola imepanda." Dola! Mtu ambaye hajawahi kuishika.

Mama aliuza mandazi kando ya barabara ya Homa Bay, na ndiyo yaliyotulisha. Watu wa bodaboda walimpenda kwa kuwa hakuyapunguza. Mafuta yakizidi kupanda, ingebidi ayafanye madogo au afunge kibanda.

Kilichotuokoa ni duka la katikati, la Msabato. Ijumaa jioni alifunga mlango na kuzima simu. Bei zikipanda Jumamosi, yeye yuko kanisani. Jua likitua alifungua na kuuza kwa bei ya Ijumaa, hana habari. Sisi Wakatoliki tulikuwa tumeshapanga foleni, tukiipenda Sabato kuliko yeye mwenyewe.

Jamaa wa pembeni alitushtukia. Jumamosi moja aliwahi mlangoni na wilbaro, akanunua mitungi yote, akaisukuma hadi dukani kwake na kutuuzia palepale kwa bei yake. Wala hakuona haya. Nilitaka kumtukana. Mama akasema, "Nyathina, mwanangu, tulia," akalipa.

Jumatatu asubuhi jamaa alikuja kibandani kuchukua mfuko wa mandazi, maana yeye huyauza dukani na chai. Mama akamtajia bei maradufu. Kando yake mtu wa bodaboda alikuwa akilipa bei ya siku zote.

"Mbona yangu ni bei ingine?"

"Hiyo yako ni stoki mpya, jaduong'," mama akamjibu kwa adabu zake zote, akimwita mzee. "Mafuta nilinunua kwako."

Alichungulia karai. Lilikuwa moja tu, na mandazi yalikuwa bado yanakaangwa ndani yake. Wateja wake wa chai walikuwa wanamngoja. Akalipa.