Sura ya Mama Spès

Franck wa Kasenga, mtaa wa mji wa Uvira, alianza kutunga michezo ya simu kwenye kompyuta iliyopasuka kioo. Mchezo wa kwanza, wa mitumbwi, ulimdodea. Wa pili hata rafiki zake waliufuta. Alikuwa kijana wa kutaka sifa kuliko chakula, na jambo hilo lilimuuma vibaya.

Akitafuta adui wa mchezo wa tatu, akamtazama mama yake mdogo Spès, aliyemlea tangu alipobaki yatima, akichechemea na karai la mandazi. Akamchora vilevile alivyo: jicho moja jeupe, mguu mmoja mfupi, kitenge cha kijani. Mchezaji anamtupia mawe. Akianguka, mandazi yanamwagika na pointi zinaongezeka. Alipoonyeshwa, Mama Spès alicheka, maana mtoto wake alikuwa na furaha.

Mchezo ukavuma. Uvira watu hawapotezi mega zao za intaneti kupakua kitu. Hurushiana simu kwa simu, bure. Muda si mrefu wapagazi wa bandari ya Kalundu walikuwa wakishindana kwa kelele. Franck akaitwa informaticien, mtaalamu wa kompyuta, kichwa kikamvimba.

Kisha jiwe la kweli likampata Mama Spès begani, sokoni, na kicheko nyuma yake. Jumapili mhubiri mmoja akauliza ni kwa nini mashine imemchagua mama huyu tu, kama si mchawi. Wateja wakakatika.

"Franck, weye njo uliniweka mule," akamwambia. "Uniondoe."

Akamwondoa siku hiyohiyo, akaweka fisi mahali pake. Kazi bure! Mchezo wa zamani ulikuwa umeshaenea simu kwa simu, na hakuwa na njia ya kuurudisha. Waliopewa ule wa fisi waliukataa.

"Huyu haiko mutamu," walimwambia. "Tuachie mama yetu."

Jiwe jingine lilipompasua Mama Spès kichwa, Franck alimpandisha pikipiki hadi mji mdogo wa Luvungi, kwa dada ya mama huyo, akiamini huko hajulikani. Hata hawajatua mizigo, dereva mmoja wa kituoni akamtazama, akatazama simu yake, akaruka.

"Njo yeye! Mukuye mumuone!"

Wakawazunguka wakicheka, simu juu. Mama Spès alijificha nyuma ya Franck, akashika shati lake kwa mikono miwili.

"Aliyetengeneza huu muchezo," dereva akasema, "ule muntu iko fundi kweli!"

Na Franck, kabla hajajizuia, akatabasamu. Mama Spès aliliona tabasamu hilo, akaliachia shati.