Shingo ya Zdravka

Zdravka alikuwa mwangalizi wa pampu za maji, na kwa miaka kumi na tisa hakuna aliyekilalamikia kichwa chake. Mle ndani ya kituo pampu zinanguruma hata ukipigiwa ngoma sikioni husikii, basi watu husemeana kwa vichwa. Ukitikisa kushoto na kulia, ndiyo. Ukiinamisha, hapana. Ndivyo Wabulgaria walivyozaliwa, na anayeona kinyume ni shauri yake.

Delcho, fundi wa pampu, mgane mwenye haya, alikuwa akikaribia kumposa mwaka wa saba sasa. Kila akijikaza kusema, pua inamwasha. Akimaliza kuikuna, ujasiri umeshakwenda zake. Zdravka alimpenda na kumsubiri. Asingehama pale hata angepewa dunia.

Ndipo wakubwa wa makao makuu, kule mjini Plovdiv, wakaweka kamera kituoni ya kumtazama. Kila saa mtambo wa kule ukauliza kwa maandishi kwenye kioo cha kompyuta: "Maji yanapita?" Zdravka akatikisa kichwa: yanapita, kwani huoni? Mtambo uliundwa nchi nyingine. Ukaelewa hayapiti, ukaandika: "Hitilafu ya kwanza."

Injinia Plamen akapiga simu. Zdravka akatoka uani kuipokea.

"Mama Zdravka, maji yamekwenda wapi?"

"Yako bombani, mwanangu. Kichwa changu ndicho kimepotea njia."

"Basi kirekebishe. Wiki hii hitilafu hazihesabiwi. Baada ya hapo zikifika tatu mtambo unakikata kituo chako, pampu tunaziendesha kutoka huku, na wewe unahamia huku."

"Na Delcho?"

"Delcho hayumo kwenye mtandao, mama. Yeye anabaki."

Wiki nzima Zdravka akafanya mazoezi mbele ya kioo cha kabati: inamisha, ndiyo, inamisha, ndiyo. Muuza mikate akamuuliza kama anataka miwili, akainamisha, akarudi nyumbani mikono mitupu. Shingo ilimuuma, lakini ilikuwa imeshika somo.

Kumbe mtambo nao haukulala. Kazi yake ni kugundua hitilafu na kuivumilia, basi ukaona kichwa hiki kimepinduka, ukajifunza kukipindua. Jumatatu Zdravka akainamisha kigeni kabisa, mtambo ukapindua, ukasoma hapana. "Hitilafu ya pili." Kila mmoja kamstahi mwenzake mpaka wamepishana mlangoni.

Saa iliyofuata Delcho akaingia, kanyoa ndevu, kashika mtungi wa asali. Akajigusa kifua, akamnyooshea Zdravka mkono, akaonyesha kidole cha pete, akasubiri. Pua ilimwasha na hakuikuna. Moyo wa Zdravka ukaruka, na shingo, bila kumuuliza mwenyewe, ikainama mara tatu.

Delcho akauweka mtungi sakafuni, akageuka kuondoka.

Zdravka akamwita, pampu zikaimeza sauti. Akabonyeza kitufe chekundu cha kuzizima. Kimya kikatanda, na huko kijijini mtu mwenye sabuni machoni akaanza kutukana.

"Delcho, rudi, mpumbavu wewe. Mimi nimekubali. Shingo ndiyo imekataa."

Delcho akasimama. "Kweli?"

Zdravka akakishika kichwa kwa mikono miwili kisije kikasema lolote. "Kweli."

Kioo cha kompyuta kikawaka: "Maji hayapiti. Hitilafu ya tatu. Kituo kimekatwa. Mwangalizi ahamie Plovdiv."

Wakakisoma wote wawili. Zdravka machozi yakamlengalenga.

"Plovdiv," Delcho akasema, "kuna pampu zinazovuja?"

"Zitakosaje?"

Delcho akatikisa kichwa kushoto na kulia, akauokota mtungi wake wa asali, akaenda kutafuta sanduku la nguo.