Pacha wa Tarehe Kumi na Nane

Kuna watu waliozaliwa na mama zao, na kuna watu waliozaliwa mara ya pili kwenye kambi ya chifu. Wayua wa Matiliku ni wa namna zote mbili.

Mara ya kwanza alizaliwa wakati wa njaa ya ndege, ule mwaka ambao ndege zilipita juu ya Ukambani zikidondosha magunia ya mahindi. Ndiyo maana akaitwa Wayua, jina la mtoto wa njaa. Mara ya pili ilikuwa mwaka wa sabini na tisa, serikali ilipoamua kwamba hata wanawake wanastahili vitambulisho. Wakapanga foleni mwezi wa Oktoba, jua likiwachoma utosi, hadi wakamfikia karani kijana aliyeletwa kutoka upande wa Wakikuyu, kalamu mbili mfukoni mwa shati.

"Ulizaliwa lini?" karani akamuuliza.

"Mama aliniambia ni wakati wa njaa ya ndege."

Karani alikuwa amekwisha kujifunza hesabu ya njaa za Ukambani. Akaandika 1961 bila kuuliza zaidi. "Tarehe?"

Wayua akacheka, maana alikuwa msichana wa miaka kumi na minane na kila kitu kilimchekesha. "Ndege haikuangusha kalenda, karani."

Karani akainua macho kidogo, akayashusha, akaandika kitu. Kadi zilipofika miezi mingi baadaye, ya Wayua ilisema alizaliwa tarehe 18 Julai 1961. Akaipenda tarehe hiyo kama mtu anavyopenda kiatu kipya, akijua ni yake peke yake.

Haikuwa yake peke yake. Miaka minne baadaye, akina mama wa kanisa walikuwa wanasajili chama chao, na Kanyiva, mwalimu wa ngumbaru, kisomo cha watu wazima, aliyekuwa katibu, akaketi na rundo la vitambulisho akinakili. Alipofika cha tatu akarudi kukisoma cha kwanza. Alipofika cha tano akavua miwani. Wanawake saba, mmoja baada ya mwingine, walikuwa wamezaliwa tarehe kumi na nane Julai. Miaka ilitofautiana kulingana na njaa ya kila mmoja, lakini siku na mwezi ni zile zile.

"Basi sisi ni mapacha," Kanyiva akasema. "Serikali imetuzaa siku moja."

Na kweli wakawa mapacha. Kila mwaka siku hiyo walikutana kwa mmoja wao, wakapika muthokoi, wakachemsha chai, wakakata chapati, na miaka ilipoendelea, keki. Kanyiva aliweka sheria moja tu: kipande cha kwanza hujilishi. Unalishwa na pacha mwenzako. "Aliyezaliwa hakujizaa," alikuwa akisema, "kwa hivyo asijilishe." Mchungaji alinung'unika kwamba hayo ni mambo ya kizungu, hadi alipoalikwa, akala kuliko wote.

Kanyiva alikuwa na daftari. Humo aliandika kila jambo aliloweza kulipata lililotokea siku yao, kutoka redioni, magazetini, na vitabuni mwa shule, na kila mwaka aliwasomea. Mwaka wa 64 baada ya Kristo, siku yao, mji wa Roma ulianza kuungua. ("Nani alikuwa ameacha jiko?" mmoja wao, Mutanu, akauliza, na wakacheka mpaka chai ikamwagika.) Mwaka wa 1921 alizaliwa Mmarekani John Glenn, ambaye baadaye aliizunguka dunia kwa chombo cha angani. Mwaka wa 1918 alizaliwa Mandela. Huyo walimfurahia kupita wote, wakamwita pacha wetu mkubwa, na kwa kuwa wakati huo alikuwa bado gerezani, walimwekea sahani yake yenye kipande chake cha chapati. Mwisho wa sherehe Mutindi alikila, ati asije akakila panya.

Chini ya Roma na Mandela, Kanyiva aliandika mambo ya kwao kwa wino ule ule. Ng'ombe wa Mutindi kazaa mapacha. Ndolo, mume wa Wayua, karudi kutoka hospitali akitembea. Upepo umeng'oa mabati ya kanisa. Kwake yote yalikuwa historia, mradi yaliangukia siku yao.

Jambo moja tu hakulipata. Kwenye ukurasa wa kwanza kabisa aliandika: Kwa nini kumi na nane? Siku waliyoandikishwa ilikuwa Oktoba, wala mhuri wa kadi haukuwa na tarehe hiyo. "Nikikutana na yule karani," Kanyiva alizoea kusema, "sitamsalimia kwanza. Nitamuuliza hilo."

Hakukutana naye. Alikufa, na wengine wakafuata, maana Wayua ndiye aliyekuwa mdogo wao, na mwenye kuzaliwa mwisho huachiwa mazishi mengi. Wakabaki wawili, Wayua na Mutanu. Mwaka jana walilishana keki ndogo nyumbani kwa Mutanu, wawili tu mezani penye nafasi ya watu saba, na Mutanu akasema, "Pacha, hii siku haitaki mtu mmoja." Baadaye mwanawe akamchukua kumuuguzia Kitui. Mwezi wa Aprili simu ikaja. Wayua alikwenda Kitui akamzika, akarudi Matiliku na lile daftari ndani ya kiondo.

Kwa hivyo asubuhi ya tarehe kumi na nane Julai mwaka huu, Wayua aliamka na baridi ya kipupwe, nyumba kimya, akalala tena. Alikuwa mpweke, na sioni sababu ya kulipamba neno hilo. Ndolo alikwisha kufa. Watoto walikuwa na makwao. Mapacha wote sita walikuwa chini ya udongo.

Saa mbili mwanawe Kitonga akapiga simu kutoka Mombasa.

"Happy birthday, mum! Ingawa sisi sote tunajua hiyo siku ni ya uwongo wa karani."

Alikuwa anatania. Wayua akacheka kidogo ili asimvunje moyo, akauliza wajukuu, akakata simu. Kisha akakaa kitandani, na neno lile likakaa naye. Uwongo. Sawa. Lakini siku ya kweli mama yake alikwisha kwenda nayo kaburini, na uwongo huo ndio aliokuwa nao. Leo ukipita bila kusherehekewa, utakuwa umekufa pamoja na Mutanu, na Wayua atabaki mtu asiye na siku duniani, kama mbuzi.

Akachemsha chai. Akapasha moto chapati ya jana, akamega, akaiinua hadi mdomoni. Mkono ukakataa. Sheria ni sheria, hata kama aliyeiweka hayupo. Akairudisha kwenye sahani.

Hapo ndipo akili ikamjia, na akili ya mtu mpweke ina ujanja wake. Akafikiri: si mimi peke yangu niliyezaliwa leo. Mandela alizaliwa leo. Mtu aliyezaliwa leo hununuliwa keki. Keki huuzwa mjini Sultan Hamud. Akajifunga leso, akatia daftari kiondoni, akafunga mlango.

Mbuvi, mwenye duka la keki pale Sultan Hamud, alishangaa kumwona mama mzee ameingia, ameamkua, kisha amesimama tu.

"Mama, unataka gani nikupatie?"

"Sitaki keki. Nangoja mtu."

"Ni nani?"

"Simjui. Ni mtu amezaliwa leo."

Mbuvi alimtazama, akaona hana dalili ya kichaa wala ya dini mpya, akampindulia kreti ya soda akae. Biashara ni biashara, na mama aliyeketi dukani huwafanya watu waone duka ni la heshima.

Akangoja. Wa kwanza alikuja kuchukua keki ya harusi. Wa pili alikuwa kijana mwenye jasho usoni licha ya baridi. Wayua akamuuliza kama ni ya mtu aliyezaliwa leo.

"Ilikuwa jana, mathee," kijana akasema. "Ndiyo maana nakimbia hivi."

Mbuvi akacheka hadi unga ukampanda puani. Wayua naye akacheka, lakini moyo wake ulianza kushuka. Saa sita ikafika. Wateja waliingia kuchukua mkate, wakamsalimia, wakatoka. Alianza kujiona alivyo: mwanamke wa miaka sitini na minne, ameketi juu ya kreti, anatafuta pacha dukani kama mtu anayetafuta kitunguu. Akainuka kwenda zake.

Ndipo akaingia mama mmoja kijana, amevaa sare ya uuguzi chini ya sweta, akauliza kama keki yake, ya Cheryl, iko tayari. Mbuvi akaileta. Juu yake iliandikwa kwa krimu ya bluu: Happy Birthday Guka, yaani babu kwa Kikuyu.

"Samahani, mama," Wayua akasema. "Siku yake ni leo? Leo kabisa?"

"Ni leo, shosho. Eighteenth July."

Wayua akatia mkono kiondoni. Alitoa kitambulisho chake, akamwekea mkononi. Cheryl akasoma, akatabasamu. "Wacha! Basi happy birthday na wewe."

"Nilikuwa na wenzangu sita wa siku hii. Wameisha," Wayua akasema. "Na kwetu hujilishi kipande cha kwanza. Naomba nije nimlishe huyo guka wako, na yeye anilishe. Kimoja tu. Halafu naenda nyumbani."

Ni ombi la ajabu kumwomba mtu usiyemjua. Cheryl alimtazama Mbuvi, na Mbuvi akainua mabega kusema kwamba huyu mama hana madhara.

"Sawa," Cheryl akasema. "Lakini shosho, jua guka amesahau watu. Hata mimi kuna siku hanijui. Akisema vitu haviingiani, usikasirike."

Nyumba haikuwa mbali, ilikuwa nyuma ya stesheni ya zamani. Njiani Cheryl alimweleza kwamba babu yake, mzee Wanyoike, alitoka Murang'a akaja kazi huku akiwa kijana, akanunua ploti, akakataa kurudi. Mkewe alikwisha kufa. Siku nyingi hukaa peke yake na msichana wa kazi hadi Cheryl atoke zamu.

Mzee alikuwa ameketi mezani, blanketi magotini, gazeti la zamani mbele yake. Hakuitazama keki. Wayua alivuta kiti, akaketi upande wa pili wa meza. Mzee akainua macho, akalinyoosha gazeti kwa viganja viwili, akachomoa kalamu mfukoni mwa shati. Mfukoni ikabaki nyingine.

"Jina?"

Wayua akaitazama ile kalamu ya mfukoni. "Wayua."

"Ulizaliwa lini?"

"Guka, huyu ni mgeni," Cheryl akasema, kisha akamgeukia Wayua. "Pole, shosho. Kila mtu anamuuliza hivyo. Alikuwa karani wa vipande, hivi vitambulisho, alizunguka huku kote."

Lakini Wayua hakuwa anamsikia Cheryl. Alikuwa msichana tena, utosi unachomwa na jua, na nyuma yake foleni ndefu.

"Mama aliniambia ni wakati wa njaa ya ndege," akasema.

"Sitini na moja," mzee akasema mara moja. "Tarehe?"

Safari hii hakucheka. "Sijui, karani."

"Basi naandika kumi na nane, mwezi wa saba."

Kalamu ilitembea pembeni mwa gazeti. Wayua alimkumbuka Kanyiva na ukurasa wa kwanza wa daftari. Machozi yalikuwa yanamtoka, na hakuyafuta.

"Kwa nini kumi na nane, karani?"

Mzee alimtazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini maji ni maji. "Hiyo ndiyo nilipewa mimi," akasema. "Mama yangu hakujua. Karani akaniandikia hiyo. Sikuwa na ingine ya kuwapatia watu."

Cheryl aliweka kisu chini. Maisha yake yote alikuwa amemnunulia babu yake keki siku hiyo. "Guka, kwani si siku yako?" akauliza, lakini mzee alikwisha kurudi kwenye gazeti lake.

Wayua alikata keki mwenyewe. Akachukua kipande, akakipeleka mdomoni mwa mzee, na mzee akala taratibu, krimu ikamshika masharubu. Kisha Wayua akaweka mikono mapajani, akangoja zamu yake. Mzee hakuijua sheria. Cheryl akataka kumsaidia, akanyoosha mkono kuchukua kipande, Wayua akamzuia.

"Ngoja, mama. Anayelisha ni wa siku hii tu."

Wakangoja. Mzee alipiga mstari pembeni mwa gazeti, akaangalia mlangoni juu ya bega la Wayua, akaita kwa sauti ya karani wa zamani:

"Anayefuata!"

Wayua aligeuka, hata yeye, akatazama mlangoni. Hapakuwa na mtu. Hapakuwa na Kanyiva na miwani yake, wala Mutindi, wala Mutanu.

"Hakuna mwingine, karani," akasema. "Mimi ndiye wa mwisho."

Mzee akafikiri. Akaweka kalamu mfukoni pamoja na mwenzake. Akatazama mezani akitafuta kitu cha kumpa mtu aliyemaliza foleni, akaona kipande cha keki, akakichukua kwa vidole viwili, akamnyooshea kama anayekabidhi kadi.

"Basi shika, mama. Usipoteze."

Wayua hakunyoosha mkono. Aliinama mbele juu ya meza, akafungua kinywa.