Nililiwekea jiko la mkaa betri la gari la binti yangu

Jina langu lificheni, mengine yaacheni kama nilivyoandika. Nina miaka sabini na nne, nakaa Matogoro, Songea. Shule niliishia darasa la tatu lakini msinidharau, nimeendesha malori miaka thelathini na moja. Nimezika mke, nimezika matingo wangu wawili wa lori, nimepinduka na lori njia ya Njombe nikatoka na mkwaruzo wa kiwiko tu. Barabara ikiwa tope tupu mimi nilikuwa napita, wenzangu wanalala njiani. Sikuwahi kuogopa gari. Leo naogopa kagari kadogo ambako hata hakangurumi.

Gari ni la binti yangu. Ni muuguzi, nakaa kwake na wajukuu wawili tangu mama yake afariki. Alilinunua limeshatumika, la umeme, halinywi mafuta, na betri lake limetandazwa chini ya sakafu yote kama godoro. Lilipokuja nilimwambia betri ni betri, hata la simu huchoka. Akasema la gari huchoka polepole. Basi baridi ya mwezi wa sita ilipoingia, gari likaanza kuishiwa. Zamani alikuwa anakwenda kazini Maposeni na kurudi chaji ikiwa bado nyingi, sasa anafika nyumbani imebaki kidogo sana. Akawa na mawazo, kwa sababu alisikia kubadilisha betri lile ni kama kununua gari lingine. Nikamwambia niachie mimi. Akanijibu, "Baba, nakuomba usiliguse. Hili siyo lori."

Hilo neno liliniuma. Jumapili alipokwenda misa na watoto kwa miguu, mimi nikabaki. Sisi madereva wa zamani, asubuhi za baridi kule Makambako, tulikuwa tunasukuma jiko la mkaa chini ya injini mpaka dizeli inaamka, na sijaunguza lori hata moja. Nikaona na betri ni hivyo hivyo, limelala kwa baridi. Nikakoleza mkaa nikasukuma jiko chini ya gari.

Akapita Kasto, jirani yetu mchomeleaji. Akanisalimu shikamoo, akauliza nabanika nini. Nikasema naamsha betri. Akasimama. "Mzee, toa hilo jiko. Mimi moto ndiyo kazi yangu, lakini betri la namna hiyo silisogelei." Nikamwambia hajazaliwa wakati mimi nafungua injini porini kwa spana moja. Akacheka, akasema nikiungua watanizika na spana yangu, akaenda zake.

Hata hakufika mbali. Nikasikia ndani ya gari ta, ta, kama bisi zinaanza kupasuka. Ikaja harufu tamu, kama rangi ya kucha za wasichana. Nikarudi nyuma hatua mbili. Kasto ndiye aliyerudi mbio akalivuta jiko kwa glavu zake za kuchomelea. Plastiki ya chini ilikuwa imeyeyuka inadondoka. Nikamwomba asimwambie mtu. Akakubali kwa heshima ya uzee wangu. Nikakata zile plastiki zilizoning'inia kwa kisu, nikapaka rangi nyeusi, wakarudi kutoka kanisani nikawa nimekaa zangu kama sijui kitu.

Kesho yake ikawaka taa ya njano pale mbele ya usukani. Binti akaulizia fundi, lakini hapa mjini aliyempata alisema la aina hiyo hajawahi kulifungua. Mimi nikaingiza mkono chini. Palikuwa na joto, na gari halijatembea tangu Jumamosi. Halafu nikaona kwenye simu gari kama hilo linaungua uani kwa watu, wanalimwagia maji, moto unazima, unarudi tena.

Sasa nisikilizeni. Gari linachajiwa limeegeshwa ukutani, waya unapita dirishani kwenye chumba cha wajukuu. Kitanda chao kiko upande wa pili wa ukuta huo huo. Nilishindwa kusema. Nikauchukua waya wa kuchajia nikauzika ndani ya gunia la mahindi.

Akautafuta siku nzima. Akaniuliza, nikasema sijui. Akina mama wa jirani wakamwambia Jumapili walimwona Kasto uani kwetu, na mchomeleaji waya mnene ana kazi nao. Akaenda kwake mbele za watu, na mimi nyuma yake. Kasto akanitazama mimi, siyo yeye. Akasema, "Dada, mimi sijachukua. Zaidi ya hapo sina la kusema." Tangu siku hiyo watu wanamwita mwizi, na mimi nakatiza mbele ya banda lake naangalia chini.

Waya mwingine unakuja na basi kutoka Dar, Ijumaa. Leo ni Jumatano. Nimeomba tulisukume gari mbali na nyumba, nikasingizia nataka kuanika mahindi hapo, akaniambia nianike mbele. Kutwa nakaa na kigoda changu karibu nalo nanusa kama mbwa. Wajukuu wanaingia ndani wanashika usukani, wanasema wao ni babu anakwenda Njombe. Nawafukuza kwa ukali mpaka wanalia, hawajui kwa nini.

Nyie mnaojua haya magari, niambieni, betri lililobanikwa hivyo linaweza kunyamaza siku nyingi halafu likawaka? Na mzee anayejisifu kama mimi anaanzia wapi kumwambia mwanawe? Najua binti yangu anausoma ukurasa huu, kila jioni anatusomea visa vya watu tunacheka. Mwanangu, ukifika hapa, usichomeke huo waya.

Jina langu lificheni, la Kasto msilifiche. Atakayesema natunga aende Matogoro, kwa mchomeleaji wanayemwita mwizi. Amwambie mzee amemruhusu kusema.