Msomaji wa Banda la Tumbaku

Kitabu kile kilinuka tumbaku, na asubuhi niliyoondoka nacho Mpanda harufu yake ilinipanda puani kila nilipopiga hatua. Nilikuwa nimekichomeka kiunoni, chini ya shati. Nilipita nyuma ya jiko ambako mama alikuwa akichochea kuni, nikashika barabara ya Sitalike. Sikuwa na mpango wowote. Shule nilikuwa nimeiacha darasa la sita, jembe halikunipenda wala mimi sikulipenda, na kitu pekee nilichokitaka duniani kilikuwa kujua kama mtoto fulani alitoka chini ya ziwa au hakutoka.

Ilikuwa miaka ya tisini, msimu wa kuchambua tumbaku. Tulikaa bandani tangu asubuhi, majani makavu mapajani, tukitenga yenye rangi nzuri na yenye madoa, vidole vikinata kwa utomvu mweusi. Redio ya mjomba ilikuwa imeishiwa betri, basi tukajiwekea desturi: mmoja anasoma kwa sauti, wengine wanamchambulia na fungu lake. Nilijaribu mimi kwanza. Mjomba akaniuliza, "Deusi, unasoma au unatafuna mahindi?" Wote wakacheka, na tangu hapo kitabu kikawa cha Kabula, binti wa wafugaji wa Kisukuma waliokuwa wamepiga kambi jirani na shamba letu. Kabula alinizidi umri kidogo, na alisoma kama mtu anayekumbuka.

Kitabu hakikuwa na jalada, kwa hiyo mwandishi hatukumjua. Kilisimulia mji ulio chini ya ziwa, ambako kila mgeni humwachia bawabu kivuli chake. Mtoto mmoja aliyekwenda kuchota maji alivutwa humo. Tulisikiliza mtoto akizunguka katika njia za mji ule, akipishana na watu wasio na vivuli. Halafu siku moja, Kabula akasoma kwamba mtoto alianza kupiga mluzi kupitia pengo la meno yake ya mbele, ili asisahau njia ya kwao.

Mikono ya mama ilisimama juu ya majani. Mdogo wangu Lule, ambaye malaria ilimchukua masika yaliyopita, alikuwa na pengo hilohilo, na mluzi wake ndio uliokuwa ukitujulisha kwamba anarudi kutoka kisimani. Kabula hakuwahi kumwona. Familia yake ilifika tukiwa tumeshamzika.

"Soma, mwanangu," mama alisema taratibu. "Anafanyaje sasa?"

Kabula aliinamisha macho kwenye kitabu, akaendelea. Tangu siku ile mama alikuwa wa kwanza kuingia bandani na wa mwisho kutoka. Mimi nami nikaanza kusikia mluzi kwenye njia ya kisimani, hasa upepo ulipokaa kimya. Kila fungu la mwisho lilipokwisha, mama aliuliza mtoto atatoka lini.

"Kesho, mama," Kabula alimjibu. "Kesho nitamalizia."

"Nyie Wasukuma, kesho yenu ndefu kama mkia wa ng'ombe," mjomba alimtania.

"Na nyie Wakonongo asali mnaingoja mwaka mzima, hadithi yangu inawashinda nini?"

Asubuhi moja tukakuta kambi yao imebaki samadi na majivu. Walikuwa wameswaga ng'ombe kuelekea kusini, kwenye majani. Kitabu kilikuwa juu ya gunia alilozoea kukalia Kabula. Nilikikimbilia ili nimsomee mama mwisho wake, nikakuta kinaishia pale mtoto anapofika kwa bawabu. Kurasa zilizobaki mjomba alikuwa amezichana zamani, kabla hatujaanza kukisoma, akasokotea sigara zake. Kwake karatasi ilikuwa karatasi. Nilikipekua kitabu chote. Hapakuwa na mluzi humo, wala pengo la meno. Karibu msimu mzima Kabula alikuwa akifunua kurasa zilezile za mwanzo huku akitusomea yasiyoandikwa. Kwa hiyo mtu pekee aliyejua kama mtoto alitoka alikuwa njiani nyuma ya ng'ombe, na mama alikuwa anangoja.

Ndiyo maana niliondoka. Sitalike nilikuta viboko wakikoroma mtoni, na dereva wa lori la mpunga akanionea huruma, akanibeba juu ya magunia matupu. Tulifika Majimoto jua likielekea kuzama. Mvuke ulikuwa unapanda kutoka kwenye chemchemi, mweupe, na watu wakapita ndani yake wakatoka upande wa pili bila kunitazama. Nilitazama chini haraka. Kivuli changu kilikuwepo, kirefu, kimelala vumbini.

Mama mmoja muuza wali, Mama Oliva, aliniita kibandani kwake.

"Wewe ni wa nani?"

"Wa Mpanda, mama."

"Mpanda si baba yako. Kaa ule."

Alinipa wali na maharage, kisha akanitandikia mkeka ghalani, kati ya magunia ya mpunga. Nilimuuliza habari za wafugaji. Walikaa kidogo, akasema, halafu wakateremka kuelekea ziwani. Hapo nikasikia mluzi nyuma ya magunia. Nikachungulia. Alikuwa binti yake mdogo, meno yote kinywani, kidole kimoja kati ya midomo, akijifunza.

"Huyu ni mtoto wa chini ya ziwa," akanieleza. "Kabula katuonyesha anavyofanya."

"Ametoka?"

"Bado. Kabula alisema atamalizia kesho."

Nimelala katika nyumba nyingi za wageni tangu hapo. Siku hizi vitabu vina majalada ya kung'aa, na wasomaji ninaokutana nao stendi wanatajiana mabingwa wao wa hadithi za ajabu: huyu fundi wa majoka, yule fundi wa miji ya angani. Naviazima, navisoma hadi mwisho, na vingi ni vizuri. Wakinitaka na mimi nitaje wangu, nawatajia Kabula. Wanamtafuta kwenye simu, hawampati.

Ziwani sikuteremka. Niliporudi nyumbani kutoka Majimoto, mama hakuniuliza nilikuwa wapi, wala hadithi iliishaje. Aliuliza kama mtoto bado anapiga mluzi. Nikamwambia bado. Akasogeza majani, akanipisha kwenye gunia la Kabula, nami nikakifungua kitabu pale kilipochanwa, nikaanza kumsomea.