Chumba Chenye Waya

Pale dobini walimwita Bi Pasi, maana shati likipita mikononi mwake lilitoka limenyooka kuliko mwenye nalo. Tangu amzike mwanawe wa kwanza aliendelea kunyoosha vilevile, ila mwenyewe aliingia ganzi. Juzijuzi alijiunguza kidole kwa pasi, na aliyepiga kelele ni mwenzake wa meza ya pili. Yeye alikitazama tu, akageuza kola.

Watu walimsifu kwa kujikaza. Kujikaza gani! Alitafuta machozi hakuyaona, basi.

Kilichomkera ni chumba cha marehemu. Laini ya intaneti ya jengo lao ilikuwa moja, ya kuchangia, na aliyeigawa ni fundi redio wa ghorofa ya juu. Waya wa nyumba yao kijana wake, alipokuwa hai, aliupitisha sebuleni moja kwa moja hadi chumbani kwake, kwenye kompyuta yake. Kwa hiyo binti, mdogo wake, kila jioni aliingia kule kusoma, na mama huku jikoni akasikia vidole vikigonga vibonye. Akili ilijua si yule. Masikio bado yalidanganyika. Alitaka chumba kile kifungwe kwa ufunguo, yaishe.

Siku yake ya mapumziko akanunua kijisanduku cha kurushia Wi-Fi. Muuzaji alimwambia ni kuchomeka tu, hata mtoto anaweza. Nyuma kilikuwa na matundu ya njano na moja la buluu. Alichomoa waya kwenye kompyuta, akauvuta hadi sebuleni, akauchomeka kwenye njano la kwanza kwa kuwa ndilo lililokuwa karibu. Taa zikawaka, akaridhika.

Haikupita muda makelele yakajaa kwenye ngazi.

"Nani kaua mtandao?"

"Jamani, mimi niko kwenye kikao!"

Fundi redio alishuka akigonga mlango kwa mlango mpaka akafika kwake.

"Dada, kumbe ni wewe," alisema alipokiona kijisanduku. "Waya unaotoka kwangu unakaa hapa kwenye buluu. Ukiuweka kwenye njano, hiki chako kinajifanya bosi wa jengo zima, kinawaelekeza watu njia isiyofika popote."

"Nisamehe, kaka."

"Usijali. Wacha nao wapumzike kidogo."

Aliuhamisha waya, jengo likatulia. Kisha akatoa simu yake, akawa anaipapasa.

"Laini yangu haipokei mashine nisiyoiandikisha," alisema mwishowe. "Hapa kwako ipo moja, imeandikwa jina la kijana wako. Niifute, niandike hii mpya?"

"Futa," alijibu, kwa sauti ileile ya kumwambia mteja kwamba doa halitoki.

Fundi akafuta. Bi Pasi alisubiri kitu kimchome moyoni. Hakikuja, na hilo lenyewe likamtisha kidogo.

Binti aliporudi shuleni akaoneshwa taa, akapewa na neno la siri.

"Sasa utasoma popote unapotaka, kwa simu yangu," mama alimwambia. "Intaneti inafika mpaka chooni. Kule chumbani nafunga."

"Asante, mama," binti alisema. Akavua viatu, akaenda kulekule, akakaa mezani kwa kaka yake na kuwasha kompyuta.

Mama alimfuata na ufunguo mkononi.

"Mwanangu, hiyo haina waya tena. Huwezi kusoma kitu hapo."

"Najua."

"Sasa unafanya nini?"

Binti alifungua ukurasa uliojaa maandishi, macho kwenye kioo.

"Hata siku zile sikuwa nasoma sana, mama. Namwandikia kaka. Namwambia habari za nyumbani."

Bi Pasi alishika mwimo wa mlango. Alitaka kuuliza kama binti yake ana akili timamu, likatoka swali jingine kabisa.

"Na mimi? Unamwambia nini kuhusu mimi?"

"Kwamba hujalia bado," binti alisema. "Namwambia asikasirike, utalia."

Bi Pasi akaketi ukingoni mwa kitanda. Kifua kilimuuma, maumivu ya kweli, ya kwanza tangu mazishi, na hakuyakimbia. Akamwomba binti asome alichoandika, aanzie mwanzo.