Maiko wa Chiola

Mwaka elfu mbili na tisa, Maiko Jackson alipofariki, watu wa Chiola walikuja kumpa pole wifi yangu Letisia. Usicheke. Wengine walileta unga! Nikawaambia jamani, marehemu huyu si shemeji yetu, wakanijibu, "Lusiana, nyamaza. Msiba ni wa Letisia." Wala hawakukosea sana, maana leo kuanzia Lionja mpaka Ruangwa utapata kazi kuona kundi la ngoma lisiloteleza kinyumenyume, na aliyeleta balaa hilo ni yeye.

Mwaka tisini na tano alikwenda Nachingwea na kaka yake, yaani mume wangu, kuuza ufuta. Wakapita kwenye banda la video. Huko akamwona Maiko anatembea kama anakwenda mbele, kumbe anarudi nyuma. Basi tena, nyumba haikukalika. Mchanga wa uani ulikuwa hautelezi, akahamia chini ya mikorosho, pale tulipofagia tukisubiri korosho zidondoke. Vidole vikachubuka.

"Wifi, utaharibu miguu, nani atakuoa?" nikamuuliza.

"Anayetaka kichwa," akanijibu. Mdomo anao huyo!

Sasa, Letisia alikuwa mchezaji katika kundi la Mzee Saturnini, mpigaji wa ngoma kubwa. Kundi lile lilikuwa na mwiko wake: mchezaji anaanzia mbali, anakuja, anamalizia kwenye ngoma. Ukirudi nyuma kutoka kwenye ngoma umeikataa, na anayeipiga umemtukana. Letisia aliujua mwiko huo tangu mdogo. Lakini siku ya kuwatoa vijana jandoni mori ulimpanda, akateleza kutoka pale mbele ya ngoma, nyuma, nyuma, mpaka kwa wapishi. Watoto walishangilia mpaka wakapaliwa. Mzee Saturnini akailaza ngoma chini.

"Binti, umenikataa mbele za watu," akasema. "Usikanyage tena uwanjani kwangu."

Tulikwenda na kuku kuomba radhi. Kuku akapokelewa, radhi ikapokelewa, lakini kwa sharti.

"Acha hayo ya Maiko, urudi."

"Siachi, babu. Na ngoma pia siachi."

Nilitamani kumzaba kibao! Si useme ndiyo tu, yaishe? Lakini Letisia hajui kudanganya. Misimu ikapita, wenzake wanacheza, yeye yuko pembeni machozi yanamlengalenga. Kesho yake utamkuta mikoroshoni tena. Alijifua mpaka mchanga wenyewe ukamkubali. Mimi nilimwonea huruma, na hasira pia.

Mwaka tisini na tisa kundi likaalikwa kucheza kijiji cha Chunyu. Ngoma zilikuwa zimeshaota moto wa nyasi, ngozi zimekaza, wachezaji wamekwisha kuingia. Letisia akaingia bila kuitwa. Alisimama mwisho kabisa wa uwanja, akawapa mgongo wapigaji, uso kwetu sisi watazamaji.

"Mama wee, anaondoka!" mtu akapiga kelele.

Kweli, miguu yake ilikuwa inaondoka. Kila hatua ilikuwa ya mtu anayekwenda zake nyumbani, na kila hatua ilimrudisha ndani. Mzee Saturnini akainua mikono juu kuikatisha ngoma. Wapigaji wengine wakanyamaza, wanamtazama mkubwa wao. Letisia hakusimama. Alikuja vilevile bila mlio, tunasikia nyayo zake tu mchangani, mpaka mgongo wake ukagusa ngoma kubwa.

Hakugeuka. Jasho lilimtiririka shingoni.

"Babu," akasema, "nimefika."

Mzee aliitazama ile michirizi mchangani, yote imeelekea kwake. Halafu akashusha mikono kwa nguvu, ngoma ikalia mpaka nikaisikia tumboni. Wachezaji wengine walikuwa wameduwaa.

"Mnangoja nini?" akawafokea. "Geukeni!"